Mtafiti Anapobisha Hodi Darasani kwa Mtoto Wako

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kiswidi, na chini kulikuwa na mahali pa kutia saini. Ilisema kwamba mtafiti wa chuo kikuu angependa kukaa katika darasa la Kiswidi kama lugha ya pili kwa muhula mmoja, aandike anayoyaona, arekodi sauti, na baadaye azungumze na baadhi ya watoto. Mama mmoja aliipiga picha akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi akina mama wa Hallonbergen na Rissne, akauliza: "Jamani, hii mnaionaje?"

Majibu yalikuja mbio. "Usisaini." "Hao ni watu wa soshali wanajifanya wasomi." "Mbona wanachagua darasa la wageni tu, Waswidi hawarekodiwi?" Kisha mama mmoja wa Bukavu, ambaye kwa umri ni dada yangu mkubwa, akaniandikia pembeni: "Mudogo wangu, wewe ulisoma huku. Hawa watu wanatafuta nini kwa batoto yetu?"

Mimi ni muuguzi, si mwalimu. Lakini baada ya diploma ya nyumbani nilisoma shahada hapa, na tasnifu yetu ilikuwa ya utafiti wa namna hiyohiyo: kukaa na watu, kuwasikiliza, kunukuu maneno yao na kutafuta maana ndani yake. Nilimjibu mama yule kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Haya ni majibu yaleyale, nimeyapanga vizuri kidogo, kwa sababu barua kama hiyo inaweza kufika kwako pia.

Kipimajoto hakimalizi kazi

Wodini tunapima joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Namba hizo ni muhimu, na hakuna muuguzi anayezidharau. Lakini kila mmoja wetu amewahi kumwona mgonjwa ambaye namba zake zote ni nzuri, na bado hali chakula, amegeukia ukutani, akiulizwa anasema "sijambo". Wa zamu ya usiku asipoandika hayo kwa maneno, wa asubuhi hatajua.

Darasani ni vivyo hivyo. Mtihani unaweza kukuambia mtoto amepata ngapi. Hauwezi kukuambia kwa nini anajua jibu nyumbani akalikosa shuleni, nani anamsaidia, nani anamcheka, wala kama mwalimu anampa nafasi ya kumaliza sentensi. Utafiti unaohesabu tunauita wa kitakwimu. Unaoeleza kwa maneno jinsi mambo yanavyotendeka na watu wanavyoyaelewa, tunauita wa kimaelezo. Wa kwanza huuliza "wangapi?", wa pili huuliza "inakuwaje?" Barua iliyokuja kwetu ilikuwa ya aina ya pili, ndiyo maana mtafiti aliomba kukaa muda mrefu na kuingia ndani, badala ya kutuma hojaji tujaze.

Kutoka Karagwe hadi Stockholm

Wengi wetu tunadhani wanaochunguzwa ni watoto wa wageni Ulaya peke yao. Kuna kisa kinachotuhusu zaidi. Mwaka 2004 mtafiti wa Kiswidi, Åsa Wedin, alitoa tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stockholm, kwenye kituo cha utafiti wa uwililugha. Kutoka Hallonbergen unafika chuoni hapo kwa treni mbili tu: laini ya buluu hadi T-Centralen, halafu nyekundu hadi Universitetet. Utafiti wenyewe, hata hivyo, haukufanyika Uswidi. Ulifanyika Karagwe, mkoani Kagera, katika shule za msingi za vijijini.

Huko watoto wengi walizungumza Kinyambo nyumbani, na shuleni wakafundishwa kwa Kiswahili. Kwa mtoto yule wa Karagwe, Kiswahili chetu hiki, ambacho leo tunahangaika kukiokoa kwa watoto wetu, ndicho kilikuwa lugha ya pili, kama Kiswidi kilivyo kwa mwanao. Wedin alikaa madarasani, akarekodi vipindi, akazungumza na watu, akatazama pia kusoma na kuandika nje ya shule. Njia hii inaitwa ethnografia: unaishi karibu na jambo mpaka uanze kuliona kama wenyewe wanavyoliona.

Alichokisikia, kila aliyesoma kwetu anakijua. Mwalimu anauliza, darasa zima linajibu kwa pamoja. Mwalimu anaanza neno, watoto wanalimalizia. Kelele ni za furaha, na mgeni akipita dirishani atasema somo linaenda vizuri. Ukisikiliza rekodi kwa makini, unagundua kwamba mtoto asiyeelewa chochote anaweza kuimba na wenzake mwaka mzima bila kujulikana. Mtafiti mwingine, Keith Chick, alikuwa ameshaeleza jambo kama hilo katika madarasa ya Wazulu Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, akaliita mazungumzo ya usalama. Mwalimu na mwanafunzi, wote wawili hawaimudu vizuri lugha waliyolazimishwa kuitumia, basi kwa pamoja wanaunda namna ya kuzungumza ambayo hakuna atakayeaibika. Heshima inalindwa, ila kujifunza kunapotea.

Ndiyo maana sipendi tafiti hizi zichukuliwe kama kuwasema vibaya walimu. Mwalimu wa Karagwe mwenye watoto wengi na vitabu vichache alikuwa akifanya anachoweza. Huko Kenya, watafiti wanne, Marilyn Merritt, Ailie Cleghorn, Jared Abagi na Grace Bunyi, waliandika mwaka 1992 kuhusu walimu wa shule za msingi waliokuwa wakichanganya Kiingereza, Kiswahili na lugha ya mama katika kipindi kimoja. Ukiangalia juujuu utasema ni uzembe au kuvunja sera. Walipofuatilia ni lini hasa mwalimu anahama kutoka lugha moja kwenda nyingine, waliona sababu: kueleza upya, kuvuta usikivu, kuhakikisha wazo limefika. Hilo huwezi kulipata kwa kusahihisha mitihani.

Ana nini ndani ya mkoba wake?

Silaha za mtafiti wa namna hii ni chache.

*Daftari.* Anakaa kona moja na kuandika: nani kakaa na nani, nani kanyoosha mkono, nani kaitwa, mwalimu kageukia wapi. Mwandikaji mzuri hutenganisha alichokiona na anachokidhania. "Mtoto ameinamisha kichwa dakika nne" ni kitu alichokiona. "Mtoto hana hamu" ni dhana. Sisi wauguzi tulifundishwa hivyohivyo: andika "hakula chakula cha mchana", usiandike "mkaidi".

*Kinasa sauti au video.* Masikio hayawezi kushika kila kitu. Miaka ya 1970 huko California, Hugh Mehan alirekodi darasa moja kwa video katika mwaka wa shule, akatoa kitabu mwaka 1979. Alionyesha kwamba mazungumzo ya darasani yana mwendo wa hatua tatu: mwalimu anauliza, mtoto anajibu, mwalimu anatoa hukumu, "vizuri" au "hapana". Nyumbani hatuzungumzi hivyo. Hakuna anayemuuliza shangazi yake saa ngapi, akijibiwa akamwambia "vizuri sana". Mtoto anayejifunza Kiswidi anajifunza maneno, na hapohapo anajifunza mchezo huu wenye kanuni zake.

Mmarekani mwingine, Mary Budd Rowe, alisikiliza rekodi za vipindi vya sayansi akapima kitu kidogo sana: ukimya baada ya swali. Aligundua kwamba kwa kawaida mwalimu husubiri sekunde moja hivi, kisha anauliza tena au anamwita mwingine. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sasa mfikirie mtoto anayesikia swali kwa Kiswidi, analigeuza kichwani, anapata jibu kwa Kiswahili, halafu anatafuta maneno ya kulirudisha. Sekunde moja haimtoshi hata kuvuta pumzi.

*Mahojiano na shajara.* Kuna mambo ambayo kamera haiyaoni. Mwaka 1995 Bonny Norton alichapisha utafiti kuhusu wanawake watano wahamiaji nchini Kanada, aliowahoji na kuwaomba waandike shajara za maisha yao na Kiingereza. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi mgahawani pamoja na vijana waliomwachia kazi zote, na kwa kuwa lugha ilimpiga chenga, alinyamaza. Siku moja akawaona kwa jicho lingine: hawa ni watoto tu, umri wa wanangu. Akawakatalia kama mama anavyokataa. Kiingereza chake kilikuwa kilekile cha jana, lakini alipojiona yeye ni nani mbele yao, mdomo ulifunguka. Nimeona hayo kwa akina mama wa SFI na kwenye nyumba za wazee tunakofanya kazi. Cheti cha lugha hakielezi jambo hilo, shajara inalieleza.

*Uvumilivu.* Baada ya kukusanya, kuna kunukuu. Mahojiano yetu ya saa moja yalinilia kutwa nzima kuyaandika neno kwa neno, na hapo walizungumza watu wawili tu, si watoto ishirini. Kisha unayakata katika vipande vya maana, unavipa majina, unavipanga katika makundi. Wauguzi wengi wa Uswidi hufuata maelekezo ya Ulla Graneheim na Berit Lundman wa Umeå, ya mwaka 2004, na watafiti wa elimu wana njia zinazofanana nayo. Jambo la msingi ni kwamba hitimisho lazima liweze kurudishwa kwenye maneno yaliyosemwa, mtu mwingine akakagua.

Udhaifu pia upo, na mtafiti mwaminifu atakuambia. Mwanaisimu William Labov aliusema mwaka 1972: tunataka kujua watu wanavyozungumza wakati hawatazamwi, na njia pekee ya kujua ni kuwatazama. Siku ya kwanza watoto wataipungia kamera mkono. Ndiyo sababu ya kukaa muhula mzima, mpaka wamsahau. Tena darasa moja la Hallonbergen haliwezi kusimama badala ya madarasa yote ya Uswidi.

Mtoto aliyeitwa mkimya

Mama yule wa Bukavu alikuwa na sababu yake ya kuuliza. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imemwambia kwamba mwanawe wa miaka tisa hazungumzi darasani, na pengine afanyiwe uchunguzi zaidi. Alikuwa halali. Ameniruhusu niandike, bila jina.

Kitu cha kwanza nilimwuliza kama muuguzi: masikio yamepimwa? Ukimya wakati mwingine ni wa mwili, na uchunguzi si adui. Yalikuwa yamepimwa, mazima. Basi nikampa kazi ya mtafiti. Kwa wiki mbili aandike kwenye daftari, kwa lugha yoyote, mtoto amezungumza wapi, na nani, kwa lugha gani, na alinyamaza wapi. Asiandike anachodhani, aandike alichosikia.

Daftari lilirudi limejaa. Nyumbani, mtoto alimweleza mdogo wake kwa Kiswahili somo zima la mzunguko wa maji, mawingu mpaka mvua. Uwanjani alibishana kwa Kiswidi kuhusu goli. Kwa mwuza duka wa Hallonbergen centrum aliomba chenji kwa Kiswidi bila wasiwasi. Aliponyamaza ni pale tu alipoulizwa peke yake mbele ya watu wengi, na siku moja alimwambia mama sababu: "Nikikosea kutamka, wanarudia neno langu."

Mama alilibeba daftari hilo kwenye utvecklingssamtal, kile kikao cha mzazi, mtoto na mwalimu ambacho shule hufanya kila muhula. Aliomba mkalimani mapema, akapata. Mwalimu alisikiliza, akasema hayo ya mzunguko wa maji hakuyajua. Walikubaliana watoto wazungumze wawiliwawili kwanza kabla ya kuulizwa mbele ya darasa, na mama akaomba studiehandledning, msaada wa kuelewa masomo kwa lugha ya nyumbani. Kijana bado si msemaji mbele ya darasa, na uchunguzi haujafutwa. Ila faili lake sasa lina maneno zaidi ya lile neno moja "mkimya".

Kabla hujatia saini

Turudi kwenye ile barua. Huna wajibu wa kukubali, na kukataa hakumharibii mtoto masomo yake. Sheria ya Uswidi ya 2003 kuhusu maadili ya utafiti unaohusu watu inataka ridhaa, na kwa mtoto chini ya miaka 15 ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Mtoto naye aelezwe kwa kadiri anavyoelewa, na akikataa mwenyewe asilazimishwe. Unaweza kukubali leo ukajitoa baadaye bila kutoa sababu.

Uliza maswali haya, na uombe yajibiwe kwa lugha unayoielewa:

- Nani anafanya utafiti huu, wa chuo gani, na kibali cha maadili kiko wapi?
- Rekodi zitahifadhiwa wapi, nani atazisikiliza, zitafutwa lini?
- Mtoto wangu asiporekodiwa, atakaa wapi wakati wenzake wanarekodiwa? Isiwe adhabu ya kutolewa nje.
- Majina yatabadilishwa? Hili peke yake halitoshi. Sundbyberg, manispaa yetu, ni ndogo kuliko zote Uswidi kwa eneo. Ukiandika "mvulana Mkongo wa darasa la tatu, Hallonbergen", jina la bandia halimfichi mtu. Omba nchi, lugha au mtaa vifichwe pia.
- Ukiona jambo linalokutia wasiwasi kuhusu mtoto, utafanya nini? Mtafiti hakuja kukagua malezi, lakini ni haki yako kusikia jibu lake kabla, si baada.
- Matokeo tutayasikia lini, na kwa lugha gani?

Katika kundi letu, wengine walisaini, wengine walikataa, na kila mmoja nilimheshimu. Lililonisumbua ni wale waliotaka kukataa kwa hofu ya uvumi, na wale waliotaka kusaini kwa sababu tu barua ina nembo ya chuo. Wote wawili walikuwa hawajaisoma.

Daftari la nyumbani

Hata mtafiti asipokuja kamwe, jicho lake unaweza kuliazima. Mtoto akirudi, acha swali la "umejifunza nini leo?" ambalo jibu lake ni "ingenting". Uliza: Leo ulikaa na nani? Nani alizungumza sana? Kuna kitu ulitaka kusema hukusema? Ulikuwa unakijua kwa lugha gani? Andika majibu kwa ufupi, na tarehe. Usimkatize, na ukiuliza, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo kabla ya kuuliza tena.

Na Kiswahili chako usikiweke kabatini ukidhani kinamzuia kupata Kiswidi. Mtoto yule wa mzunguko wa maji alielewa somo, na tulijua ameelewa kwa sababu alikuwa na lugha ya kulielezea nyumbani. Manispaa ina wajibu wa kupanga somo la lugha ya nyumbani ikiwa watoto wasiopungua watano wanalihitaji na mwalimu anayefaa anapatikana, mradi lugha hiyo inatumika nyumbani kila siku na mtoto ana msingi wake. Watano si wengi. Katika kundi letu peke yake wanafika, kama kila mzazi atajaza fomu.

Kwa mtoto aliyewasili karibuni, kumbuka kwamba tangu 2016 shule inatakiwa kupima anachokijua ndani ya miezi miwili tangu aanze. Wakati huo ndio wa kusema alisoma nini huko nyuma, kwa lugha zipi, na anapenda nini. Usisubiri waulize, na usimfanye mtoto awe mkalimani wako, omba mkalimani.

Vikao vya muhula vinakaribia. Tafuta daftari la mistari, andika wiki mbili tu, uende nalo.